Ukurasa Aliouruka Mkwe

Wenzangu wakiandika habari za kuugua kwao huanza kwa kumshukuru Mungu. Mimi nilikwisha kumshukuru mbele ya kanisa zima hapa Kibamba, nikatoa na mbuzi. Haya ninayoandika sasa ni yako wewe uliyetoka kliniki leo na karatasi mkononi, na ni ya bwana mmoja aliyeandika kijitabu kilichotangulia karatasi hiyo, ambaye nimemwekea kinyongo karibu mwaka mzima. Wapo wanaosema mtu aliyeponea chupuchupu hapaswi kuweka kinyongo. Hao hawajawahi kulala wodini wakitazama damu ya mtu mwingine inavyowadondokea tone baada ya tone.

Ugonjwa wangu ulianza kwenye basi. Nilikuwa narudi kutoka Tarime kumzika kaka yangu, nimekaa dirishani safari nzima, miguu imekunjwa juu ya gunia la ulezi nililopewa na wifi. Nilipofika nyumbani mguu wa kushoto ulikuwa unauma nyuma ya goti. Siku chache baadaye ukavimba, ukang'aa, kiatu kikagoma kuingia. Majirani walisema nimekanyaga kitu msibani, na mimi nilikuwa nusu nimeshaanza kuamini. Binti yangu Debora hakungoja niamini. Alinipakia kwenye Bajaji akanipeleka hospitali.

Waliniambia damu imeganda kwenye mshipa wa mguu, na bonge lile likisafiri hadi kifuani, ndiyo basi tena. Nikapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, nikaambiwa nitarudi mara kwa mara kupimwa, kwa sababu vidonge vyenyewe vikizidi nguvu damu huvuja ndani kwa ndani. Nikapewa soksi ndefu ya kubana ya kuvaa kutwa, na joto hili la Dar es Salaam unalijua. Mwisho nikapewa kijitabu. Muuguzi alisema, "Kila kitu kimo humu, mama. Kasome nyumbani."

Mimi si mtu wa kuogopa karatasi. Nilimaliza kidato cha nne, nauza vitenge Buguruni, Biblia naisoma, mkataba wa pango nausoma mpaka mwenye nyumba anakasirika. Nilikaa kibarazani nikavaa miwani. Ukurasa wa kwanza ulianza hivi: "Mgonjwa anashauriwa kuzingatia kwamba ufanisi wa tiba hii unategemea uwiano stahiki wa vigandishi vya damu kama unavyothibitishwa na matokeo ya vipimo vya kimaabara." Nikarudia. Nikarudia tena kwa sauti, kama mtoto. Ukurasa wa pili ulikuwa ndugu yake wa tumbo moja. Nikavua miwani, nikasema hiki ni cha Elia.

Elia ndiye mume wa Debora. Wanakaa Tandika, ana digrii, ni karani kwenye kampuni ya mizigo. Katika familia yetu karatasi ngumu zote huenda kwake, kuanzia za shule mpaka za ardhi, naye huzisoma kwa sauti sebuleni watu wote wakiwa wametulia. Najua familia nyingi zinazoishi hivyo. Lakini Elia ni mkwe wangu, na kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hali chakula meza moja na mimi. Akija hukaa kiti cha karibu na mlango na kuniamkia huku anatazama zulia. Hata jina la kaptula hawezi kulitaja mbele yangu.

Jumapili ile alisoma vizuri, sauti ya mtangazaji. Sikuelewa kitu, ila nilipenda kusikiliza, kama mtu anayesikiliza misa ya Kilatini. Alipofika katikati akanyamaza. Akakohoa. Kisha nikamwona kabisa, kwa macho yangu, akifunua karatasi mbili kwa mpigo.

"Hapo je?" nikauliza.

"Hapo ni mambo ya kawaida tu, mama. Mambo ya mwili kwa jumla," akasema, akaendelea na habari ya kula mboga kwa kiasi.

Aliyesoma kuliko sote alisema ni ya kawaida, mimi nani?

Masika yote yalipita nikienda na kurudi kliniki. Mtu ambaye hajaugua ugonjwa mrefu hajui benchi ni nini. Unajua bati lipi linavuja, unajua muuguzi yupi ana kisirani akiwa na njaa, unajua nani hakuja wiki hii, na hutaki kuuliza kwa nini. Mwili nao ulikuwa unabadilika. Nikijigonga kidogo kwenye meza ya dukani, paja linavia damu, rangi ya zambarau mpaka njano. Fizi zilitoa damu nikipiga mswaki. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, hivyo hakukuwa na wa kuniona, na kwa hilo nilishukuru.

Pale benchini nikampata rafiki, Mama Tumaini wa Bunju. Ni mjane kama mimi, anameza vidonge vilevile, na ana mdomo mwepesi unaofupisha foleni. Siku moja nilimuuliza kama kile kijitabu yeye alikielewa.

Akacheka. "Mie? Nimekitia chini ya godoro. Kuna mtu wangu anafanya kazi humu humu, mambo ya kuandika hivyo vitabu. Kama kungekuwa na la hatari si angeniambia?"

Sikumuuliza ni nani huyo mtu wake. Wakaniita, nikaingia kupimwa.

Kipupwe kilipoingia choo changu kikawa cheusi. Naandika wazi hivihivi, na ukiona haya kusoma, vumilia, kwa sababu haya hiyo ndiyo iliyotaka kuniua. Kilikuwa cheusi, kinanata, kina harufu nisiyoijua. Nikasema ni mnafu niliokula. Nikaacha mnafu. Kikabaki cheusi. Ningemwambia nani? Debora angemwambia mumewe. Watu wa kale walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi msemo huo nimewatupia wengine mara nyingi tu. Nilikuwa nachoka hata kwa kuchana nywele. Asubuhi moja nilimkunjulia mteja doti ya kitenge pale dukani, nikaona maua ya kile kitenge yanatembea, kisha sikuona tena.

Nilipozinduka nilikuwa wodini, na daktari kijana ameshika kijitabu kama kile changu. "Mama, choo kimekuwa cheusi tangu lini?" Nikamwambia. Akanionyesha ukurasa. "Hapa pameandikwa. Hukusoma?"

Pameandikwa kweli: Ukiona choo cheusi kama lami, njoo hospitali siku hiyohiyo. Maneno machache, Kiswahili cha sokoni, hata mjukuu wangu wa darasa la pili angeyasoma. Yalikuwa yamefukiwa katikati, nyuma ya kurasa za vigandishi stahiki, na ndiyo yaliyokuwa kwenye karatasi ambazo Elia alizifunua kwa mpigo.

Nililia kwa hasira, si kwa maumivu. Muuguzi mmoja wa makamo, ambaye jina lake silisahau ila silitaji bila ruhusa yake, alininawisha uso akanikausha kwa kanga yake mwenyewe, wala hakuniambia nyamaza. Katika siku zile zote hakuna dawa iliyonifaa kupita kanga ile.

Nikahitaji damu. Aliyekuwa wa kwanza kujitolea ni Elia. Wanawake wa wodi yetu walijua kabla yangu, wakanitania mpaka nikacheka kwa shida: "Mama Debora, leo una damu ya mkwe. Sasa mtaogopana vipi na mmeshakuwa damu moja?" Nilicheka, lakini moyoni sikumsamehe. Alikuwa amekiri kwa Debora kwamba aliuona ule mstari na akashindwa kuutamka mbele yangu. Wakagombana vibaya, binti yangu akahamia kwangu na watoto. Elia akawa analeta ndizi za supu hadi getini, anamkabidhi mtoto, anaondoka. Nilikula zile ndizi na kumlaani kwa pamoja.

Vuli ilipoanza nilikuwa nimerudi benchini, mwembamba, nguo zinanicheza. Siku hiyo hawakutuita kupimwa, walituita ukumbini. Mbele yetu alisimama bwana mmoja nadhifu, ofisa wa elimu ya afya, anaitwa Gidion. Watu walimwita Dokta, yeye hakuwasahihisha. Alisema yeye ndiye mwandishi wa kijitabu, na kwamba karibu kitachapishwa kwa wingi na kupelekwa hospitali nyingine. Kimeshapimwa kama kinasomeka, akasema. Kompyuta imehesabu urefu wa sentensi na urefu wa maneno, na kijitabu kimepata daraja la "rahisi". Kisha akasema, huku anatabasamu, "Ishu yetu ni kwamba watu wetu hawapendi kusoma."

Nikanyoosha mkono. "Baba, mie nusura nife na hicho kijitabu chako. Huu ukurasa wa kwanza nao uliupima?"

"Tunapima chote, mama, halafu tunatafuta wastani."

"Kwa hiyo ule mstari mmoja rahisi umezibeba hizi kurasa ngumu."

Akacheka kidogo. "Ndivyo kipimo kinavyofanya kazi."

"Na mimi niliyesomewa na mkwe, akaona aibu akauruka?"

"Pole sana, mama. Lakini sie tunapima kijitabu. Hatupimi wakwe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Kile kicheko mpaka leo nakisikia. Halafu akauliza, "Jamani, kijitabu kimeeleweka?" Na watu ambao nawajua, watu waliokitia chini ya godoro, wakaitika "Ndiyooo", kwa sababu soda zilikuwa zimeshafika na mgeni hakatiwi kauli. Akaandika kwenye karatasi yake. Niliitazama ile kalamu inavyotembea, nikaapa kwamba mtu huyu nitamwonjesha.

Mama Tumaini akanifinya. "Umemwona? Ndiye yule niliyekuambia. Kamuoa Tumaini wangu. Ana heshima huyo, shoga, hata jicho hainuagi mbele yangu."

Nilikuwa nafikiri.

Kumbe kabla ya kuchapa Gidion mwenyewe alitakiwa pia kupima nyumbani kwa wagonjwa wachache, kuona kinavyosomwa. Nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Nilipopewa siku yangu, Jumamosi ya mwanzo wa masika, nikamwalika Mama Tumaini chakula cha mchana, shukrani ya kupona kwangu. Sikumwambia nani mwingine anakuja. Kisha nikampigia Elia, ambaye sikuwa nimeongea naye tangu wodini. "Jumamosi uje. Sikuombi." Nilitaka wakwe wote wawili, Elia na Gidion, siku moja, chumba kimoja. Debora aliposikia alisema, "Mama, unawafanyia ubaya." Nikamwambia ndiyo.

Mama Tumaini alifika mapema na kikapu cha maembe. Nikaona amekonda, anahema akipanda ngazi zangu mbili, nikadhani ni jua. Nikamketisha kwenye kochi kubwa. Elia akaja akakaa mlangoni, macho kwenye zulia. Halafu gari likasimama, Gidion akaingia na mkoba wake, tabasamu mbele, na tabasamu lile likafia mlangoni.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti ya mtoto wa shule.

"Marahaba, baba. Hee, kumbe ni nyie ndio wageni?" Mama Tumaini akavuta kanga ikamfunika mabega, akageuzia uso dirishani kama desturi inavyotaka.

Gidion akarudi nyuma akakaa kiti cha mwisho kabisa, akabaki kumtazama Elia, na Elia akamtazama yeye. Nilianza kufurahi. Nikamuuliza kazi yake inakwendaje. Akaeleza kwamba kijitabu kinatakiwa kusomwa vilevile kinavyosomwa siku zote katika nyumba hii, kisha yeye atauliza maswali na kujaza alama.

"Humu ndani," nikasema, "karatasi anasoma aliyesoma kuliko wote, kwa sauti, wengine tunasikiliza. Leo ni wewe."

"Mama, mie ni mpimaji. Siwezi kuwa..."

"Kaandike basi kwamba nyumba hii hukuipima."

Akafungua kijitabu. Ukurasa wa kwanza aliusoma vizuri, vigandishi vyote na uwiano wote. Mama Tumaini alikuwa anatikisa kichwa kwa fahari ya mkwe. Ukurasa wa pili vivyo hivyo. Alipofika katikati, akanyamaza. Nikamsikia anakohoa, kikohozi kilekile cha Elia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akafunua karatasi mbili kwa mpigo, akaanza kusoma habari ya mboga.

Nilimwacha amalize mpaka mwisho, kwa sababu nilitaka amalize. Kisha nikasema, "Sasa maswali. Muulize Mama Tumaini, maana na yeye anameza dawa hii."

Alichukua karatasi yake ya maswali. Swali alilisoma kwa sauti ndogo: "Ni dalili gani... itakufanya uje hospitali siku hiyohiyo?"

Mama Tumaini akafikiri kwa dhati kabisa, kama mwanafunzi mwema. "Hapo sikupasikia, baba. Nadhani hukunisomea."

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo tangu vuli, na nakuambia ukweli, ilikuwa tamu. Nikamwambia, "Weka alama, Dokta." Akabaki ameinamia karatasi, kalamu haishuki.

Aliyeinuka ni Elia. Sikumpangia hilo. Alitembea katikati ya sebule, mahali ambapo hajawahi kusimama tangu amuoe binti yangu, akachukua kijitabu mapajani mwa Gidion, akafunua nyuma. Akasoma, na sauti haikuwa ya mtangazaji tena. "Ukiona choo cheusi kama lami, njoo hospitali siku hiyohiyo." Kisha akainua macho akanitazama usoni. "Huu ndio niliouruka, mama."

Nilikuwa nimemwandalia maneno makali. Yakaniishia njiani. Niliweza kusema tu, "Nimesikia, baba."

Mama Tumaini hakusema amesikia. Alikuwa bado anatazama dirishani, vidole vinapinda ncha ya kanga. Akauliza taratibu, bila kumwelekea mtu yeyote, "Na kama ni tangu juzi?"

Kijitabu kile hakikuchapwa. Kilichochapwa baadaye ni karatasi moja. Dalili za hatari ziko juu kabisa kwa maandishi makubwa, na kabla hujaondoka kliniki muuguzi anakuuliza nani atakusomea, na kama kuna la kuonewa haya, analisoma yeye palepale. Najua kuna watakaosema ni Gidion aliyebadilika. Mimi nasema alibadilishwa. Debora amerudi kwake Tandika. Elia bado anakaa kiti cha mlangoni, ila akiniamkia sasa hunitazama. Na wewe unayesoma haya, kama umepewa karatasi, usiulize nani kasoma zaidi nyumbani kwenu. Uliza nani anaweza kukutajia choo chako bila kukohoa, umpe huyo.

Gidion alikuja kuniomba radhi mara mbili. Sijampa. Mama Tumaini alilazwa, akaongezewa damu, akapona, yuko Bunju anapiga domo kama kawaida. Lakini hilo tulilijua baadaye. Jumamosi ile tulichojua ni kwamba mwenye gari ni Gidion peke yake, na foleni ya Morogoro Road ilikuwa ndefu, na yule daktari wa zamu aliyempigia simu alitaka majibu. Basi njia nzima kutoka Kibamba, ofisa wa elimu ya afya alishika usukani akamuuliza mama mkwe wake, swali baada ya swali, kilianza lini, kimekuwa mara ngapi, ni chepesi au kizito. "Kizito, baba," akawa anajibu yule mama, amejifunika uso kwa kanga. "Kinanata." Mimi nilikaa kiti cha nyuma nimemshika mkono, namwombea asife, na huku nasikiliza kila neno. Sikumwambia mtu afunge kioo, ingawa watu wa magari ya jirani walikuwa wanasikia, wala sikumsaidia Gidion hata swali moja.